Seli namba 7: nilivyounda betri ya friza yangu, na duka lililoniuzia

Hakuipima. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Nimetoka Wete hadi Unguja na seli, kipande kimoja cha betri yangu, ndani ya kikapu, nimeizungushia kanga, vichwa vyake nimevibandika utepe wa umeme nisije nikaunguza boti ya watu, na yule kijana wa dukani hakunyanyua hata mita ya kupimia volti. Salamu yangu aliitikia kwa kidevu, macho yako kwenye simu.

Mie nauza samaki na barafu, kwa hiyo friza ndiyo duka langu. Mtu wa Pemba anajua tulikotoka. Zamani tulitegemea majenereta ya Wesha, na tokea 2010 umeme unatufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Mambo yametengenea, Alhamdulillahi. Lakini ukikatika usiku mmoja tu wa joto, changu na tasi wote hasara. Tena mie nilikuwa nakaa Unguja Desemba 2009, waya wa bahari ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi. Aliyeishi miezi ile, na moshi wa jenereta kila kichochoro, hanihitaji nimueleze kwa nini nataka umeme wangu ulale ndani kwangu.

Mpwa wangu alitaka tukusanye seli za kompyuta mbovu, zile ndogo za duara, tuziunganishe kwa mamia. Nikakataa. Zile zikizidi joto zinawaka vibaya, na nyumba ina watoto. Tukachukua lithiamu ya fosfeti ya chuma, seli nene za pembe nne, nane kwa mfuatano, kwa inveta ya volti 24, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Inatulia zaidi kuliko zile za kompyuta.

Kazi yenyewe niliipenda mno. Kwanza tuliziunganisha zote chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, tukazijaza pamoja taratibu mpaka kila moja ikafika volti 3.65, ili zianze sawa. Vipande vya shaba tukavisugua kwa msasa, maana hewa ya chumvi ya huku hailali. Nati nilikaza mwenyewe, kwa mkono mwepesi, kwani kichwa cha seli ni alumini na ukikikaza kama gurudumu la gari, uzi unakatika. Fyuzi tukaiweka karibu kabisa na upande wa chanya. Mwisho ile bodi ya ulinzi, mafundi wanaiita BMS, inayozima betri nzima seli moja ikishuka mno. Friza ilipoanza kuvuma kwa umeme tuliouweka akiba kwa mikono yetu, nilipiga kigelegele.

Usiku wa tatu au wa nne, umeme ukakatika baada ya Magharibi. Saa nane usiku friza ikanyamaza. Mfanyabiashara wa samaki anaamshwa na kimya hicho kuliko na kelele. Nikashika simu, kwani bodi ile inatuma habari za kila seli. Wenzake wote wako volti 3.2 na kitu. Namba 7, niliyoiandika kwa kalamu nyekundu, iko 2.5, yaani imekwisha.

Kwenye mfuatano umeme ule ule unapita kwa seli zote, kwa hiyo iliyo dhaifu ndiyo inayowaamulia wote. Bodi ilifanya haki kuzima. Na aina hii ina hila yake: volti inakaa pale pale muda mrefu, kisha inaporomoka ghafla. Ndiyo maana siku ya kununua mita ilionesha zote sawasawa. Tulipopiga hesabu ya usiku ule, namba 7 ilikuwa na kama theluthi tu ya umeme ulioandikwa ubavuni mwake.

Basi nikapanda boti. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, ipime kwanza, halafu tuzungumze." Akajibu bila ya kunitazama: "Mama, hii umeiua mwenyewe. Betri si kazi ya kina mama, mngeita fundi."

Mbele ya watu.

Nikatoa kisu changu cha kupaa samaki, nikachana ile ngozi ya plastiki ya buluu taratibu. Chini yake pana ngozi nyengine, kuukuu, imechanika pembeni. Ile alama ya vijiraba, ya kusomwa kwa simu, ambayo kiwanda kinachapa juu ya seli imekwanguliwa, haisomeki. Kichwani, pembeni mwa parafujo, kovu la kuchomelea limesagwa kwa msasa. Seli hii ilishafanya kazi ndani ya betri nyengine, ikang'olewa, ikavishwa nguo mpya, nikauziwa kwa bei ya mpya. Wateja wawili wakasogea kutazama, na hapo ndipo simu ilipowekwa chini. "Rudi wiki ijayo, bosi hayupo." Wiki ijayo! Nauli ya Pemba analipa nani?

Kwa haki ya Mungu, zile saba nzuri. Bei yao pia haikuwa mbaya. Mwanzo niliandika hapa kwamba duka lile linamfaa anayejua kupima. Nimeifuta sentensi hiyo. Mteja akinunua mchele hapimi kama umeshapikwa. Msende. Na kama mnakwenda kwa sababu hakuna pahala pengine, chaneni ngozi kabla hamjatoa pesa.

Betri ya kujiundia, hiyo naisifu kwa moyo mmoja. Seli ya kubadilisha nimeipata kwa kijana mmoja Chake, duka lake dogo kama banda la chipsi. Aliijaza, akaimwaga umeme wake mbele yangu, kazi ya kutwa nzima, tukiwa barazani, akanipa na chai. Jioni akaandika kiasi kilichotoka ubavuni mwa seli kwa mkono wake, na tarehe. Sikumuomba. Huyo naye ni kijana wa umri ule ule.

Juzi umeme umekatika tokea Magharibi mpaka baada ya Alfajiri. Friza haikunyamaza, na namba 7 mpya ilishuka sambamba na wenzake. Asubuhi changu wangu ukiwagonganisha wanalia kama mawe.

Ile mbovu iko juu ya kabati, vichwa vimebandikwa utepe. Nikenda tena Unguja naichukua, na mita yangu pia. Nitaviweka vyote mezani kwake, nikae pale mpaka aipime.