Nimeimaliza Titanfall 2, na sasa naelewa kwa nini haikuuza

Titanfall 2 niliinunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wakati wa punguzo, kwa hela ambayo hapa Dar haimalizi chipsi kuku ya watu wawili. Bei hiyo ilinishangaza kabla sijaifungua, maana si gemu iliyopondwa. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji, toleo la PS4 lina 89 kati ya 100, na mtu yeyote anayefuatilia gemu za bunduki ukimuuliza atakwambia sehemu ya hadithi humu ni moja ya bora kabisa za muongo ule. Ilitoka tarehe 28 Oktoba 2016 kwa dola 60. Haukupita mwezi, maduka ya Marekani yakaanza kuipunguza bei. Mapema 2017 EA, ambao ndio wachapishaji, wakakiri mauzo hayakufika walikotarajia.

Nianze na gemu yenyewe, biashara yake baadaye.

Unacheza kama Jack Cooper, askari wa kawaida wa waasi, ambaye kepteni wake anafia vitani na kumwachia Titan, yaani roboti kubwa la vita linaloitwa BT-7274. Unaingia ndani yake, unatoka, mnagawana kazi. Hadithi haina jipya: kuna kampuni katili, kuna silaha ya kuangamiza sayari, kazi yenu kuizuia. Kinachoibeba ni maongezi. BT hajui utani. Ukimjibu kwa kejeli anaichukua kama taarifa, anakurekebisha kwa adabu, na wewe unabaki unacheka peke yako. Kila mara unapewa majibu mawili ya kuchagua. Hayabadilishi chochote kwenye hadithi, lakini nilijikuta nasubiri nafasi ya kumchokoza tena.

Halafu kuna mwendo. Ukiwa nje ya roboti unakimbia ukutani, unaruka mara mbili hewani, unateleza chini kwa magoti, na kila kimoja kikiunganishwa vizuri na kinachofuata kasi inazidi. Ukisimama chini kama mchezaji wa gemu nyingine za vita, unauawa na pia unajinyima raha. Kuna chumba cha mazoezi mwanzoni kabisa chenye saa ya kupima muda wako na mizimu, yaani vivuli vya wakimbiaji wengine, ya kushindana nayo. Nilikaa mle muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, na hadithi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Hatua mbili zinastahili kuelezwa. Ya kwanza ni Into the Abyss. Umeangukia kwenye kiwanda kinachotengeneza nyumba. Si vipuri vya nyumba, ni nyumba nzima nzima: sakafu inapita kwenye mkanda, mikono ya chuma inashuka na kuta, inabandika madirisha, inainua kipande, inakigeuza ubavu. Wewe uko juu ya hicho kipande. Ukuta uliokuwa unaukimbilia sekunde iliyopita sasa ni sakafu, na ile sakafu imekuwa shimo. Ukipanda hadi mwisho ndipo unaelewa nyumba zote hizi ni za nini: wanajenga mji wa bandia wa kufanyia majaribio ya vita, na mtu wa kufanyiwa jaribio ni wewe.

Ya pili, Effect and Cause, ndiyo kila mtu anaitaja, na wanaoitaja hawajazidisha. Unavaa kifaa mkononi, kitufe kimoja kinakuhamisha kati ya nyakati mbili za jengo lilelile. Sasa hivi jengo ni gofu, moto unawaka, wanyama wa porini wanazurura kwenye korido. Ukibonyeza, uko miaka nyuma: taa zinawaka, sakafu inang'aa, walinzi wanakugeukia kwa mshangao. Moto ukikuzuia, unarudi zamani, unapita, unarudi tena sasa. Mlinzi akikuzidi, unapotea machoni pake na kutokea nyuma ya mgongo wake. Kilichonikamata ni pale panapokuwa na kuta mbili juu ya shimo, moja ipo zamani tu, nyingine ipo sasa tu. Unakimbia kwenye ya kwanza, unaruka, ukiwa hewani unabonyeza, na ukuta wa pili unatokea mbele ya miguu yako. Mara ya kwanza kidole kinachelewa na unaanguka. Baada ya hapo vidole vinajifunza vyenyewe. Ajabu ni kwamba wazo hili, ambalo studio nyingine ingelijengea gemu nzima, Respawn, studio iliyoitengeneza gemu hii, wanakupa kwa hatua hiyo moja kisha wanakunyang'anya kifaa na kuendelea na mambo mengine.

Kasoro zipo. Ni fupi: saa sita hivi na umemaliza. Maadui wakubwa wanajitambulisha kwa mbwembwe, kila mmoja na roboti lake na lafudhi yake, halafu wanakufa kabla hujawazoea. Anayebaki kichwani ni Viper tu, kwa sababu unapigana naye juu ya meli zinazopaa na yeye anaruka huku na huku akikutungua. Jenerali mwenyewe wa upande wa maadui hata sura yake imeshanitoka.

Sasa biashara. Sababu inayotajwa sana ni tarehe, na huwezi kuikwepa. Battlefield 1, gemu nyingine ya bunduki, ilitoka 21 Oktoba 2016. Titanfall 2 ikafuata wiki moja baadaye. Tarehe 4 Novemba ikaja Call of Duty: Infinite Warfare ya kampuni pinzani, ambayo toleo lake la bei kubwa lilikuja na Modern Warfare ya zamani iliyosafishwa upya. Na siku ileile ya 28 Oktoba, Skyrim nayo ikarudi madukani katika toleo jipya. Battlefield 1 nayo ni ya EA! Walichukua gemu zao mbili za bunduki wakazipanga wiki mbili zinazofuatana.

Hesabu ya EA naielewa. Trela ya Infinite Warfare ilikuwa imezomewa vibaya mno YouTube. Watu walichoka na vita vya angani. Kwa hiyo wakaona: Battlefield itamchukua anayependa vita vikubwa vya kihistoria, Titanfall itamchukua anayependa kasi, na Call of Duty itabanwa katikati. Kwenye karatasi inapendeza. Ila mnunuzi wa gemu za mtandaoni hanunui kwa ladha yake peke yake. Ananunua ile ambayo washkaji zake wamo. Kundi la watu watano likishahamia Battlefield tarehe 21, huwezi kulihamisha wiki inayofuata kwa dola nyingine 60 kila kichwa, hata kama gemu ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Wanaosema soko lilikuwa limechoka na bunduki hawajaangalia Battlefield 1 ilivyouza msimu uleule.

Lakini mimi naona tarehe ilikuwa pigo la mwisho tu. Tatizo lilikuwa limeshaandikwa kwenye jalada, ile namba 2.

Titanfall ya kwanza ilitoka Machi 2014 kwa Xbox One na kompyuta, baadaye Xbox 360. PlayStation haikuipata kabisa. Sasa fikiria PS4 ilivyokuwa imetapakaa kufikia 2016. Kwa huku kwetu hata si jambo la kujadili. Ingia kibanda chochote cha gemu uone kama kuna kitu zaidi ya PlayStation na mpira. Mtu huyo wa PS4 anaona kitu kinaitwa Titanfall 2, anajua ya kwanza hakuiona na hana pa kuichezea. Anadhani ataingia katikati ya hadithi asiyoijua. Ukweli ni kwamba hahitaji kujua chochote, Cooper ni mhusika mpya na hadithi inaanza upya, lakini nani wa kumwambia hivyo akiwa amesimama mbele ya kabati la duka?

Na yule aliyeicheza ya kwanza naye alikuwa na kumbukumbu yake. Gemu ile haikuwa na hadithi ya kucheza peke yako. Walichokiita kampeni kilikuwa mechi za mtandaoni zenye sauti za watu wanaogombana redioni. Raha wiki za mwanzo, halafu seva zikapungua watu. Kwa huyu, namba 2 ilimaanisha: kile kile, tena. Yaani jina lilimfukuza asiyeijua kwa kumwambia amechelewa, likamfukuza anayeijua kwa kumwambia hakuna jipya. Na mpenzi wa hadithi, ambaye ndiye angeimba sifa za Effect and Cause mtaa mzima, hakuwa na sababu hata moja ya kuigeukia.

Kulikuwa na nafasi ya kurekebisha hilo. Agosti 2016 walifungua majaribio kwa watu wote wa PS4 na Xbox One, na walichoweka mle hasa ni mechi za mtandaoni. Watu wa kompyuta, waliokuwemo tangu mwanzo, waliachwa nje. Wachezaji wa zamani wakalalamika kwamba rubani, yaani wewe ukiwa nje ya roboti, amekuwa mzito na Titan haziji mara kwa mara kama zamani. Respawn walisikia, wakaongeza kasi na kurudisha ule mtindo wa kipimo cha kuitia Titan kujaa taratibu kadiri muda unavyokwenda. Sawa, lakini aliyejaribu Agosti na kuondoka na kinyongo harudi Oktoba kusoma orodha ya marekebisho. Ningekuwa mimi, ningewapa watu kile kiwanda cha nyumba, nusu saa tu, bure.

Jambo jingine ni kwamba utamu wa gemu hii hauonekani. Nimewaonyesha watu video zake kwenye simu, wakaangalia kwa heshima tu. Unaona roboti, unaona bunduki, unaona mtu anaruka, umeshaona mia kama hizo. Mpaka ushike pedi, vidole vyako vyenyewe vikuambie. Gemu ya namna hii inauzwa na mdomo wa jirani, na mdomo wa jirani unahitaji miezi. Duka halina miezi. Lina wiki mbili kabla ya bidhaa nyingine kuchukua nafasi ile rafuni.

Wapo wazushi wanaosema EA waliizamisha makusudi ili wainunue Respawn kwa bei ya kutupa. Siamini. Ununuzi ulitangazwa Novemba 2017, dola milioni 151 taslimu mbali na hisa na nyongeza za masharti, na kampuni haichomi gemu yake yenyewe ili ipate punguzo la kitu kingine. Kinachonichekesha ni kwamba Vince Zampella, mmoja wa waanzilishi wa Respawn, alikuwa mmoja wa walioanzisha Infinity Ward, studio iliyoizaa Call of Duty. Mwanawe wa zamani ndiye aliyekuja kumkaba tarehe 4 Novemba.

Halafu tazama Apex Legends. Tarehe 4 Februari 2019, bila kelele za kabla, Respawn wanaiachia gemu ya bure kwenye ulimwengu uleule wa Titanfall, na wiki ya kwanza wanaingia watu milioni 25. Haina Titan. Haina kukimbia ukutani. Haina namba kwenye jina. Najua bure ni bure, na siwezi kudai jina pekee ndilo lililofanya kazi. Lakini hakuna aliyejiuliza kama lazima acheze nyingine kwanza.

Kwa anayetaka kuijaribu leo: kwenye Steam ipo tangu Juni 2020, subiri punguzo, bei huwa inashuka sana. Andaa nafasi ya GB 45 hivi, na kama unategemea bando kama mimi, iache ipakue usiku. Itakudai akaunti ya EA, vumilia. Upande wa mtandaoni uliteswa miaka na wahuni walioshambulia seva, ukapata nafuu kubwa kwenye maboresho ya Septemba 2023. Ramani na Titan mpya Monarch, vilivyoongezwa baada ya kutoka, vilitolewa bure na utavikuta ndani. Kwa huku nilipo mechi dhidi ya watu wengine zinanisumbua kwa sababu mtandao unachelewa, nikishaona adui tayari nimekufa, kwa hiyo nacheza Frontier Defense: watu wanne dhidi ya mawimbi ya maadui wa kompyuta, na hapo kuchelewa kidogo hakukuui. Sehemu ya hadithi ianze kwenye ugumu wa Hard. Kwenye Regular Titan yako ina nguvu mno, unaweza kupita bila kujifunza kuitumia.