Gari Lisilobugia Mafuta kwa Mkazi wa Dodoma: Lipi Ununue, na Utajuaje Kama Lako Linakula Kupita Kiasi

Uliza kijiweni gari gani halili mafuta, kila mtu atalitaja lake na kukuapia kwamba linakwenda kilomita 20 kwa lita. Wengi wao hawajawahi kupima. Wanatazama mshale wa geji, wanakumbuka siku waliyoweka mafuta ya elfu hamsini, wanakisia. Dalali naye atakusomea namba za Japani. Hizo si za uongo, ila hazikupimwa kwenye barabara ya Kikuyu wala ya Mtumba. Hupimwa gari likiwa juu ya rola, ndani ya maabara, kwa mwendo uliopangwa. Vipimo vya zamani viliitwa 10-15, vilivyofuata ni JC08. Toyota Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 iliandikiwa kilomita 35.4 kwa lita kwa JC08. Ukiipata kwenye 20 hapa mjini umefanya vizuri. Kwa hiyo namba yoyote ya Japani ipunguze theluthi moja au zaidi kabla hujaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ianze na safari zako. Chukua mtumishi anayekaa Area C au Kisasa na kazi yake iko Mji wa Serikali, Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Kwenda, kurudi, na mizunguko ya sokoni na shuleni, haikosi kilomita 40 kwa siku, tuseme 1,000 kwa mwezi. Tuweke lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi. Bei halisi hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Dodoma huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini. Gari la kilomita 13 kwa lita litakunywa lita 77 kwa mwezi. La kilomita 8 litakunywa 125. Tofauti ni lita 48, yaani shilingi 144,000 kila mwezi, na bado hujaenda msibani Singida.

Sasa nipange ninavyoona mimi, kwa mtu wa kawaida wa hapa.

La kwanza: Toyota IST, ya 1.3 au 1.5. Najua, kila mtu analo, na maegesho ya UDOM yamejaa hayo hayo. Kuna sababu. Mjini linatoa kilomita 12 hadi 14 kwa lita, barabara kuu 15 hadi 17 ukiwa mstaarabu wa mguu. Spea zipo kila duka na kila fundi anaijua injini yake. Lakini IST si gari moja, na hapa ndipo watu wanapigwa. Soma namba ya chesisi. NCP60 ni injini ya 1300. NCP61 ni ya 1500, inayovuta tairi mbili. NCP65 ni 1500 inayovuta tairi nne, na hiyo itakula zaidi kwa sababu inabeba uzito wa difu ya nyuma ambao barabara ya lami haikuuliza. Kwenye IST mpya, NCP110 ni 1500, NCP115 ni ile ya tairi nne, na ZSP110 ina injini ya 1800. Mtu ananunua ZSP110 kwa kufuata umbo, kisha anashangaa rafiki yake mwenye IST anatumia kidogo kuliko yeye. Majina ni yale yale, matumbo tofauti.

La pili: Passo au Vitz ya cc 1000 (KGC10, KGC30, KSP90, KSP130). Kwa mizunguko ya mjini tu hakuna la petroli tupu litakalolishinda: 15 hadi 17 kwa lita. Ningeliweka la kwanza kama Dodoma ingekuwa tambarare ya pwani. Tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu yake. Injini ya silinda tatu uliyoijaza watu wanne na gunia la mchele kutoka Morogoro, ukipanda kuelekea Gairo, unaikanyaga mpaka sakafuni, na ule ubahili wake wote unaishia hapo hapo. Kama safari zako za mbali ni mbili tatu kwa mwaka, lichukue tu. Kama kila mwisho wa mwezi uko njiani kwenda Dar, rudi kwenye IST.

La tatu: Premio, Allion, Axio au Fielder za 1500. Kwa familia. Mjini 11 hadi 13, barabara kuu zinakaribia IST kwa sababu umbo lao linakata upepo vizuri. Buti kubwa, na wazee hawatalalamika magoti. Za 1800 na 2000 ziache, isipokuwa unaipenda sana barabara ya Kondoa hadi Arusha.

La nne: Aqua. Wengine wataliweka la kwanza, na kwa lita peke yake wako sahihi. Ila Aqua ni haiburidi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme, na haiburidi hung'ara zaidi kwenye foleni, pale betri inaposukuma gari injini ikiwa imezimika. Dodoma foleni zetu ni za asubuhi na jioni, na fupi. Kwa zile kilomita 1,000 za Mtumba, Aqua ya 20 kwa lita itakuokolea lita 27 dhidi ya IST, kama shilingi 81,000. Ikiwa Aqua imekuzidi milioni 4 kwenye bei, zitarudi baada ya miaka minne na kidogo, na hapo sijagusa betri. Anayetembea kilomita 2,500 kwa mwezi ana hesabu nyingine kabisa, huyo anunue. Jambo moja la kukagua kwa hapa kwetu: betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Vumbi letu linaziba tundu lake, betri inapata joto, inakufa mapema. Piga magoti uangalie tundu hilo kabla ya kutazama rangi.

Mazda Demio yenye injini ya Skyactiv (DEJFS) inatumia kidogo kweli, sawa na IST au chini yake, lakini spea utaagiza Dar. Honda Fit vivyo hivyo. Ila usiichanganye Demio hiyo ya Skyactiv na Demio ya kawaida, DE3FS, ambayo haina maajabu.

Mkiani: Harrier ya 2400, Forester, na Crown. Crown ya V6 itakupa 8 mjini, ukibahatika 9. Forester ya tabo ni chini ya hapo. Harrier yenye injini ya 2AZ ina sifa ya kunywa na oili pia, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili uangalie. Kama unanunua kwa ajili ya heshima, nunua kwa amani, ila usiniulize tena habari za mafuta.

Pima kabla ya kulaumu

Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usimwambie mhudumu aongeze. Rudisha tripu (kihesabu kilomita cha safari kwenye dashibodi) kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 300 za maisha yako ya kawaida. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza tena hadi ikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Basi. Mafuta ya elfu ishirini ishirini hayapimiki, na taa ya mafuta si kipimo. Angalia pia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Kama matokeo ni mabaya, rudia kwenye sheli nyingine kabla hujaenda gereji.

Kuna ulaji usio ugonjwa. Kama nyumbani hadi kazini ni kilomita tatu, injini haifiki joto lake, na injini baridi hupewa mafuta mengi. Kusubiri watoto nje ya shule na AC imewaka kunaweza kula karibu lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua moja. Hapo gari lina haki yake.

Kama si hivyo, anza na themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Gari lilichemsha siku moja, fundi akang'oa themostati "ili lipoe vizuri", akaitupa. Tangu siku hiyo injini haipati joto linalotakiwa, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima, inamwaga mafuta. Dalili yake: baada ya nusu saa barabarani bado mshale wa joto haujafika katikati, au kwenye magari yenye taa ya bluu ya ubaridi, taa inachelewa sana kuzima. Wakati wa upepo wa Juni na Julai inaonekana wazi zaidi. Themostati ni kifaa kidogo cha bei nafuu. Irudishwe, kisha atafutwe mchawi halisi wa kuchemsha: rejeta, feni au pampu ya maji.

Kinachofuata ni swichi ya O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa kwenye gari la otomatiki la gia nne) kwenye gia leva. Ikiandikwa O/D OFF kwenye dashibodi, umefungiwa gia ya nne. Kwa mwendo wa 100 injini inazunguka karibu mara 1,000 zaidi kwa dakika. Mtu anaweza kwenda Dar na kurudi hivyo, kwa sababu goti la abiria liligusa kitufe.

Tairi. Upepo pungufu wa psi 10 kwa tairi zote hugharimu kama asilimia 2, si kidogo ila si balaa. Balaa ni waliobadili saizi. IST iliyotakiwa kuvaa 185/65R15 ikivishwa 195/65R15 ili inyanyuke, dashibodi itahesabu kilomita 98 kila unapotembea 100. Sehemu ya "ulaji" wako ni hesabu tu.

Filta ya hewa chafu nayo husingiziwa mno. Majaribio ya Idara ya Nishati ya Marekani yalionyesha kwamba kwenye magari ya EFI (yanayopimiwa mafuta na kompyuta) filta iliyoziba inapunguza nguvu, si kilomita kwa lita. Badilisha kwa sababu ya vumbi linalopenya na kuchafua sensa ya hewa, maana sensa ikichafuka ndipo hesabu ya mafuta inapoharibika. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 inaongeza msuguano. Breki inayoshika utaijua kwa rimu moja kuwa ya moto kuliko wenzake baada ya safari. Moshi mweusi, harufu ya petroli au taa ya injini: nenda kapimwe kwa mashine, mara nyingi ni sensa ya oksijeni, plagi au nozeli.

Kwa anayenunua gari la namba D, yaani lililokwisha kusajiliwa na kutumika hapa nchini, mkononi mwa mtu, fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa, na kuna kitu unafichwa. Halafu omba mwendo wa kutoka Nzuguni hadi Ihumwa na kurudi, tazama mshale wa joto ukipanda, sikiliza gia zikibadilika. Mwenye gari akisema mafuta hayatoshi kwa safari hiyo, mwekee lita tano wewe mwenyewe.