Wameniharibia medali yangu ya Malkia Victoria

Jamani nimekaa na hili wiki mbili tatu nikasema nisiandike kwa hasira, lakini hasira yenyewe haishi, basi naandika hivyo hivyo. Kuna duka moja la medali na vitu vya kale hapa London, nimenunua kwao miaka sijui mingapi, vikombe vya jubilei ya 1887 ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, vile vimedali vya bei poa vyenye tundu la kuning'inizia, sijawahi kupata shida. Safari hii nikaipata niliyoitafuta siku zote, ile medali kubwa rasmi ya 1897 ya miaka 60 ya utawala wake, ya shaba nyeusi (bronzi), upande mmoja Victoria mtu mzima kajitanda shela, kazi ya Thomas Brock, upande wa pili yeye yuleyule binti mbichi, sura aliyoichonga William Wyon, na maneno ya Kilatini ya kwenye Mithali, ya wingi wa siku mkono wa kuume. Ukiigeuza tu umri mzima wa mtu umepita kiganjani mwako, mimi hapo huwa nanyamaza kabisa.

Nikalipa, nikaiacha siku chache wanitafutie kiboksi. Kurudi naikuta inang'aa kama sufuria lililosuguliwa kwa mchanga! WAMEIPIGA POLISHI. Ile rangi ya kahawia iliyojijenga yenyewe zaidi ya miaka 120 imekwenda yote, mikunjo ya shela imelainika, na rangi ile hairudi, hata ukiipaka dawa ni kujidanganya. Nikauliza nani kawaambia muisafishe, yule muuzaji hata kichwa hakuinua, ananiambia wateja wengi wanapenda hivyo, kama siitaki niiache.

Niwe mkweli, bei ilikuwa ya haki na kiboksi ni kizuri sana, nilishataka kuwapa nyota tatu. Lakini hiyo "iache" jinsi alivyoitamka, hapana, moja, tena hiyo moja ni ya kiboksi.

Na sikuiacha. Iko mezani hapa naiangalia, yule binti bado mzuri pamoja na kusuguliwa kote kule. Dirishani kwao kuna nyingine ya Maonyesho Makubwa ya 1851, yale yaliyofanyika kwenye lile jengo la vioo la Hyde Park, naitamani mno. Jana nimewapigia simu kuwaomba hiyo wasiiguse kwa kitambaa chochote.