Kalanga ndiyo, keki hapana: darasa la jikoni la watoto pale Bel-Air

Tangu Noeli wazazi wananiuliza kuhusu darasa la mama mmoja wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, anayewafundisha watoto kutengeneza zawadi za kula wakati wa likizo. Niliwapeleka wawili: binti yangu wa miaka tisa na mtoto wa dada yangu wa miaka sita. Dola ishirini kwa kila mtoto, juma zima, saa za mchana, vifaa anatoa yeye. Mimi ni mshonaji, bei ya kazi ya mikono naijua, na hiyo si ghali. Ila kama linafaa au halifai, inategemea siku hiyo wanapika nini.

Kipimo changu ni kimoja. Mtoto akimpelekea kambo wake, yaani babu au bibi, kitu na kumwambia "nimetengeneza mimi", je, ni kweli?

Kwa kalanga ni kweli tupu. Wanaanza mezani, kila mtoto na sinia lake, wanachambua. Iliyonyauka inatupwa, yenye ukungu inatupwa, iliyobadilika rangi nayo inatupwa. Mama aliwaeleza kwamba ukungu wa kalanga una sumu, na kukaanga hakuimalizi. Wa miaka sita alilishika somo hilo barabara: sasa hata nikinunua kalanga za kutafuna njiani ananikagua kiganja. Baada ya hapo mbabula, lile jiko la makaa, makaa machache, moto mdogo, na watoto wanapokezana mwiko. Maganda wanayapuliza wenyewe nje uani. Usimvalishe mtoto nguo nyeusi siku hiyo.

Sukari ikiingia, mama anachukua mwiko na watoto wanarudi nyuma ya benchi. Hapo nilimpa alama zote. Sukari iliyoyeyuka inapita nyuzi 150, tena inanata kwenye ngozi, si kama maji yanayomwagika yakapita. Kalanga, sukari na maji kidogo vinachemka pamoja; maji yakikauka sukari inageuka mchanga, inazishika kalanga, halafu polepole inayeyuka tena na kuwa rangi ya kahawia. Watoto wanayatazama yote hayo kwa macho yaliyotoka. Zikimwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kupoa, kazi inarudi kwao: kuzitenganisha, kupima, kujaza.

Kwenye kujaza nina neno. Walitumia karatasi zilizokunjwa kama pembe, nzuri, zimechorwa maua. Lakini bonane yetu, yaani mwaka mpya, inaangukia katikati ya mvua, na sukari inavuta unyevu wa hewa. Za binti yangu zilimfikia kambo zimeshikana donge moja, akalivunja kwa mchi na kusema ni tamu. Makopo ya mayonezi yaliyooshwa na kukaushwa vizuri, yenye vifuniko vyake, yangetosha, na kila nyumba yanatupwa.

Siku ya kikanda ndiyo iliyonishangaza. Nilidhani darasa la namna hii litakuwa la biskuti na mapambo, kumbe mama alileta kinu. Kwa msomaji asiye wa Katanga: kikanda ni viazi vidogo vya okidi za porini, vinakaushwa, vinatwangwa unga, vinapikwa pamoja na unga wa kalanga, chumvi, pilipili na soda kidogo, mpaka kitu kinakuwa kigumu cha kukatwa vipande kama soseji. Kinaliwa kimepoa. Wakubwa walitwanga kalanga, wadogo walichekecha, na kila mmoja aliweka pilipili yake kwa kadiri ya mtu atakayempa. Mvulana mmoja aliongeza sana akisema baba yake ni mwanaume. Kusonga ule uji mzito wa moto kulifanywa na mama na msichana mmoja wa miaka kumi na minne, na ni sawa, mkono wa mtoto mdogo hauwezi. Aliwaambia pia kwamba okidi hizo zinang'olewa haraka kuliko zinavyoota, ndiyo maana sufuria ilikuwa ndogo. Kipande cha binti yangu kilikwenda Kipushi kwa shangazi yake ndani ya jani la ndizi, kikafika kama kilivyotoka.

Asali ilipita haraka: asali nyeusi ya msituni, tangawizi iliyokwanguliwa, chupa ndogo, kibandiko cha jina. Kazi ya watoto kabisa, haina moto. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba mtoto mchanga asiyefikisha mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, na zawadi haichagui nyumba ya kuingia. Niliandika mwenyewe kwenye vibandiko vya wangu. Jambo hilo mama alirekebishe.

Sasa keki. Umeme ulikatika, jenereta ikawashwa, tanuri likachelewa, na wasaidizi wawili wakaanza kukimbizana na saa. Walikoroga wao, walimimina wao, walipaka krimu wao. Watoto walikaa kwenye viti kama wageni wa harusi, mwishoni wakapewa peremende za kubandika juu na kupangwa kwa ajili ya picha. Picha ni nzuri, nakubali. Nyumbani mjomba wao aliisifu keki mbele ya watu wote, na binti yangu akajibu papo hapo: "Ni yaya wa kule ndiye alipika, mimi nilibandika bonbon." Krimu yenyewe ilikuwa imeshaanza kutiririka tangu kwenye teksi.

Anayetaka kupeleka: mtoto wa miaka mitano ataweza kalanga na asali, kikanda subiri kidogo. Mpe aproni na kopo lenye kifuniko. Mwambie mama mapema kama mtoto hapatani na kalanga, kwa sababu jiko zima limejaa unga wake.

Darasa linarudi likizo ya Pasaka. Tarehe 30 Aprili hapa kwetu Kongo ni siku ya walimu, kwa hiyo nimemwomba kalanga aziweke mwisho wa juma, wanafunzi wawe na kitu kipya cha kuwapelekea walimu wao. Amekubali. Keki amesema itabaki palepale, wazazi wanapenda picha. Siku hiyo wangu watakaa nyumbani.