TAHADHARI: Vipimajoto vya tangi la samaki vinavyouzwa pamoja na "cheti cha maabara"

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa mlioko Arusha, Moshi, Iringa, Njombe na Mbeya ambako hita huwashwa karibu miezi yote ya baridi, naomba msome tahadhari hii kabla ya kutuma fedha. Yuko muuzaji anayetangaza mtandaoni vipimajoto vya kidijitali vya maji ya tangi, akidai kwamba kila kimoja kimepimwa maabara na kwamba hakikosei zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nyuzijoto. Hupokea malipo yote kwanza kwa simu, kisha hutuma mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam, na ndani ya boksi huambatanisha karatasi yenye mhuri wa rangi ya bluu anayoiita cheti cha ugezi, yaani cha kulinganisha kifaa na kipimo sahihi. Vipimajoto hivyo vinasoma vibaya, na karatasi hiyo haithibitishi chochote. Jina la ukurasa wake silitaji, kwa kuwa amekwisha kulibadilisha na hapana shaka atalibadilisha tena. Nitaeleza bidhaa yenyewe ilivyo, mbinu yake, na namna ya kukipima kipimajoto chochote ukiwa nyumbani.

Vifaa nilivyovichunguza vilinunuliwa na wafugaji kadhaa wa hapa Arusha. Umbo lake ni kisanduku kidogo cheusi chenye kioo cha tarakimu, waya wa kama mita moja na sensa ndogo, yaani kihisio cha joto, mwishoni, na kinatumia betri mbili za kidonge. Kwa macho hakitofautiani na vile vya bei nafuu vinavyopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya samaki, isipokuwa boksi lake ni jeupe tupu lisilo na jina la mtengenezaji, na bei yake ni zaidi ya mara tatu. Nilivitumbukiza pamoja na kipimajoto cha kioo cha maabara, chenye migawanyo ya sehemu ya kumi ya nyuzijoto, ndani ya ndoo ya maji yaliyokuwa yakikorogwa polepole. Maji yalipokuwa na nyuzijoto 28, vyote vilionyesha 25 na kitu, au chini kidogo ya hapo. Vingekuwa vimekosea huku na huku, kimoja juu na kingine chini, ningesema ni uzembe wa kiwandani; lakini vyote vimekosea upande mmoja.

Upande huo ndio wenye faida kwa muuzaji. Mteja anayefuga beta au samaki wa Ziwa Tanganyika, ambaye ameambiwa aweke maji yake kwenye nyuzijoto 25 au 26, anatazama kipimajoto kipya na kuona 22. Anamwandikia muuzaji, naye anamjibu upesi na kwa upole mwingi kwamba hita aliyonayo ni dhaifu, kisha anamuuzia hita yenye wati nyingi zaidi. Hita mpya inapandisha maji hadi kipimajoto kisome 26, ilhali joto halisi limefika 29. Siku chache baadaye samaki wanahemea juu ya maji, na muuzaji yuleyule anasema ni ugonjwa wa matamvua na anayo dawa yake. Wafugaji wawili wasiofahamiana wamenionyesha mazungumzo yao naye, na hatua hizo tatu zimefuatana kwa mpangilio uleule, hata maneno ya pole yamenakiliwa. Siwezi kuapa kwamba alivichagua vifaa vibovu kwa makusudi, lakini amekwisha kuambiwa kwa maandishi kwamba vinakosea na bado anaviuza.

Kwa asiyefuga, nyuzijoto tatu huonekana kuwa jambo dogo. Kwa samaki si dogo, kwa sababu joto la mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipata joto, mwili wa samaki unahitaji oksijeni zaidi wakati maji yenyewe yanaishika kwa kiasi pungufu: katika usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi yenye nyuzijoto 20 hushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, yenye 25 hushika 8.3, na yenye 30 hushika 7.6 tu. Hapa Arusha, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, viwango hivyo hupungua zaidi kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Isitoshe, joto huongeza sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu; kwenye maji yenye pH 8 (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji), sehemu hiyo hupanda kutoka karibu asilimia 5 katika nyuzijoto 25 hadi zaidi ya asilimia 7 katika nyuzijoto 30. Diskasi huzoea nyuzijoto 28 hadi 30 na pengine hatasumbuka. Goldfishi, ambaye hustawi kwenye maji ya baridi zaidi, atateseka, na samaki wa Ziwa Tanganyika, ambaye kwao joto la maji hubadilika kidogo tu mwaka mzima, hakuumbwa kwa kupandishwa na kushushwa ovyo namna hiyo.

Sasa kuhusu karatasi. Cheti halali cha ugezi kinataja jina na anwani ya maabara iliyofanya kazi, namba ya kipekee ya kifaa kilichopimwa, tarehe, viwango vya joto ambavyo kifaa kililinganishwa navyo, usomaji wake katika kila kiwango, masahihisho yanayotakiwa, na ukubwa wa shaka ya upimaji wenyewe, yaani kiasi ambacho upimaji huo unaweza kukosea. Maabara iliyoidhinishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi, huonyesha pia namba yake ya ithibati, ambayo mtu yeyote anaweza kuiulizia. Karatasi ya muuzaji huyu haina jina la maabara. Ina neno "Imepita", sahihi iliyochapwa na mashine, na namba ambayo ni ileile katika kila boksi nililoonyeshwa, ilhali vifaa vyenyewe havina namba yoyote mgongoni. Cheti kisichoweza kuunganishwa na kifaa kimoja mahususi hakikihusu kifaa chochote. Na hata bila kukisoma, bei ingetosha kututia shaka: maabara ya kweli hutoza kwa kila kifaa, na gharama hiyo peke yake inaweza kuzidi thamani ya kipimajoto cha tangi mara nyingi, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara atakayeilipa kwa bidhaa ndogo namna hii.

Msidanganywe pia na tarakimu ya mwisho kwenye kioo. Kifaa kinaweza kuonyesha 25.3 kwa sababu kimeundwa kuonyesha sehemu za kumi, na bado kikawa kimekosea kwa nyuzijoto nzima. Vipimajoto vingi vya kidijitali vya bei nafuu, vikiwa vizima kabisa, huahidiwa na watengenezaji wake usahihi wa nyuzijoto moja juu au chini. Anayeahidi sehemu moja ya kumi kwa sensa ya aina hiyo anatakiwa kuonyesha ushahidi.

Mteja akilalamika, muuzaji humtumia video fupi ambamo vipimajoto viwili vimo kwenye bakuli moja vikisoma namba ileile. Vyote viwili vimetoka katika shehena moja, na mashahidi waliofundishwa maneno mamoja hawawezi kusahihishana. Video nyingine inamwonyesha akielekeza kwenye kioo cha tangi kipimajoto cha mionzi, vile vyenye umbo la bastola tulivyopimwa navyo usoni wakati wa UVIKO-19. Kioo hakipitishi mionzi ya joto ambayo kifaa hicho huisoma, hivyo kinachopimwa pale ni uso wa nje wa kioo, ambao joto lake liko kati ya lile la maji na lile la hewa ya chumbani. Asubuhi ya Julai hapa kwetu, uso huo huwa na baridi kuliko maji, na usomaji mdogo wa bastola "unathibitisha" usomaji mdogo wa kipimajoto chake. Stika za kubandika zinazobadilika rangi zina kasoro hiyohiyo, na ni hatari kuzitegemea peke yake katika chumba chenye baridi.

Kipimo cha kwanza mnachoweza kukifanya wenyewe ni cha barafu. Igandisheni kwa maji safi yasiyo na chumvi, muiponde vipande vidogo, mjaze chupa ya chai au kikombe kirefu chenye kuta nene, kisha mwongeze maji baridi kiasi cha kujaza nafasi zilizo kati ya vipande tu. Barafu ikielea juu ya maji mengi, maji ya chini yanaweza kufikia nyuzijoto 4, kwa kuwa hapo ndipo maji huwa mazito kuliko yote na kuzama, na kipimo kitaharibika. Koroga, ingiza sensa katikati ya barafu bila kugusa kitako wala ukuta, kisha subiri namba itulie. Inatakiwa isome sifuri. Vifaa vya muuzaji huyu vilisoma karibu nyuzijoto 3 chini ya sifuri, jambo ambalo haliwezekani katika barafu na maji visivyo na chumvi.

Sifuri peke yake haitoshi, kwa kuwa kipo kifaa kinachosoma sawa kwenye baridi na kukosea kwenye joto. Kwa hiyo chukueni kipimajoto cha kidijitali cha homa kutoka duka la dawa, kile cha kuweka kwapani chenye ncha isiyoingiza maji, ambacho aghalabu hutengenezwa kwa usahihi wa sehemu moja ya kumi karibu na joto la mwili. Changanyeni maji ya moto na ya baridi ndani ya chupa ya chai hadi yafike kama nyuzijoto 37, mfunge ncha yake na sensa ya tangi zikae pamoja kwa mpira, mkoroge, kisha msome vyote viwili kwa wakati mmoja. Kipimajoto cha homa mara nyingi hushikilia namba ya juu kabisa kiliyoifikia, kwa hiyo kizimwe na kuwashwa upya kabla ya kila kipimo. Kifaa kikisoma vizuri kwenye 0 na kwenye 37, tangi lenye nyuzijoto 25 liko katikati na mnaweza kukitumia bila wasiwasi. Kikikosea kwa kiasi kilekile kote kuwili, andikeni tofauti hiyo kwenye kipande cha plasta mkibandike mgongoni mwake. Kikikosea kwa viasi tofauti, kitupeni.

Maji yanayochemka msiyatumie. Hapa Arusha huchemka kwenye takriban nyuzijoto 95 na si 100, sensa nyingi za tangi hazikuundwa kuvuka 70, na kipimajoto cha kioo chenye kikomo cha 50 kitapasuka. Kioo chenye kimiminika chekundu au cha bluu ni spiriti na hakina tatizo tangini, ila msikipitishe karibu na hita. Chenye kimiminika cha rangi ya fedha kwa kawaida ni zebaki, na kisiingizwe kabisa majini mwenye viumbe.

Waliokwisha kununua, naomba kwanza mpunguze hita taratibu, nyuzijoto moja kwa siku, mkifuata kipimajoto mlichokihakiki, na muongeze pampu ya hewa. Dawa aliyowauzia msiitie. Kisha tunzeni boksi, cheti, ujumbe wa malipo, stakabadhi ya basi na mazungumzo yote. Malalamiko kuhusu bidhaa na madai ya uongo ya mfanyabiashara hupelekwa Tume ya Ushindani, na masuala ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Muuzaji akibanwa huomba arudishiwe kifaa pamoja na karatasi yake "ili abadilishe", na mfugaji mmoja aliyekubali amebaki bila kifaa, bila fedha na bila ushahidi. Asiyekuwa na hakika ya kifaa chake akikileta hapa Arusha nitakilinganisha bila malipo; aje nacho kikiwa na betri mpya, maana betri ikichoka namba hupotoka hata kwenye kifaa kizima.