Meli ya usiku Malindi–Mkoani: inafaa, ila jiandae

Kwa mwanafunzi wa kigeni wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) anayetoka darasani na begi mgongoni kuianza likizo ya Machi, meli ya usiku kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, ni chaguo zuri: unaokoa gharama ya kulala, unapambazukiwa Mkoani. Lakini inachosha kweli.

Tabu huanzia Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Hadi hapo kisiwa huikinga meli. Ukikipita, mkondo na upepo wa kaskazi hukutana, chombo kikaanza kuyumba. Kidonge cha kichefuchefu kimezwe saa moja kabla ya kung'oa nanga, maana ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Kaa katikati ya meli, ukumbi wa chini. Viti vya mbele juu huruka zaidi. Urojo wa Forodhani uache siku hiyo, kula mkate mkavu na chai ya tangawizi. Chukua shuka, kiyoyozi ni kikali mno.

Pasipoti iwe mkononi, si ndani ya begi lililokwenda na mchukuzi.

Mkoani usikubali gari la kwanza. Daladala 603 hukufikisha mjini Chake Chake. Anayekwenda Wete hubadilisha gari hapo.