Saa ya Baba Iliyokuwa Ikisimama Usiku: Tathmini ya Fundi Saa Mmoja wa Kariakoo

Fundi saa ninayemtathmini hapa hufanya kazi barazani katika mtaa mmoja wa Kariakoo, mwendo wa miguu kutoka Mnara wa Saa, ule uliojengwa mwaka 1961 wakati Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Hana kibao, na nilipomwomba ruhusa ya kumtaja alikataa, akisema kazi alizo nazo zinamtosha. Atabaki bila jina, ingawa wanaopita mitaa hiyo mara kwa mara huenda wakamtambua kwa meza yake ya mbao na bilauri za chai zilizopinduliwa juu yake, ambazo nitazieleza baadaye.

Saa yenyewe ni Seiko 5 ya marehemu baba, aliyoinunua mwaka 1989 na kuivaa hadi alipostaafu. Ndani yake mna mashine ya aina ya 7009 yenye vito 17, yaani vijiwe vidogo vigumu vya kupunguza msuguano, na namba iliyochongwa nyuma inaanza kwa 8 ikifuatiwa na 3. Kwa desturi ya Seiko ya miaka ile, tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi, maana yake ilitengenezwa Machi, ama ya 1978 ama ya 1988. Kwa kuwa baba aliipata dukani ikiwa mpya kabisa, naamini ni ya 1988. Ilikaa kabatini miaka mingi, na nilipoanza kuivaa ilitembea siku mbili vizuri, kisha ikaanza kusimama.

Kabla ya kufika kwa mzee huyu, fundi wa Kariakoo, nilipita kwa fundi mwingine, katika eneo ambalo sitalitaja, na inanibidi nieleze yaliyotokea huko kwa sababu sehemu ya kazi ya mzee ilikuwa kuyarekebisha. Fundi yule wa kwanza aliifungua saa mbele yangu kabla sijamaliza kueleza tatizo, akapuliza ndani kwa mdomo, akadondosha mafuta mahali kadhaa kwa ncha ya bisibisi, akafunga, akapokea shilingi 25,000. Nilipokuwa nikiondoka alinishauri niitie ufunguo kila asubuhi, mizunguko 20. Nilitii kwa muda wa wiki mbili. Baadaye nilikuja kujua kwamba mashine ya 7009 haitiwi ufunguo kwa mkono hata kidogo: kidude cha pembeni hupanga saa, tarehe na siku tu, na ukikizungusha kikiwa kimesukumwa ndani kinazunguka bure bila kuikaza kamani, ile springi inayoipa saa nguvu. Kinachoikaza kamani ni kile kipande kizito cha nusu duara kilicho nyuma ya mashine, ambacho huzunguka kadiri mkono unavyotembea. Mtu anayejiita fundi saa mjini humu, ambako Seiko 5 zimejaa mikononi mwa wazee, angepaswa kulijua hilo kabla ya kujua jambo jingine lolote.

Matokeo ya ziara ile yalikuwa kwamba saa iliendelea kusimama, na sasa ilipotembea ilikimbia mbele kwa takriban dakika sita kwa siku.

Nilipofika kwa mzee na kumpa shikamoo, aliipokea saa, akaitikisa taratibu karibu na sikio, akaiweka mezani. Hakuifungua. "Mwanangu, inasimama saa ngapi?" Nilimjibu kwamba mara nyingi ni usiku, kama saa sita. Akauliza tena, mishale inakuwa wapi hasa, na ule wa sekunde unakuwa wapi. Sikuwa na jibu. Akanirudishia saa pamoja na maagizo: niivae siku tano, kila ikisimama niandike ilipo mishale yote mitatu, kama ilikuwa mkononi au mezani, na kama ilikuwa mezani ililala kifudifudi, chali au kwa ubavu. Hakunitoza hata senti. Nakiri kwamba nilirudi kituo cha mwendokasi nikiwa nimekasirika, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza mchana mzima na saa yangu ilikuwa bado mbovu.

Hata hivyo niliandika. Katika siku hizo tano saa ilisimama mara sita. Mara nne ilikuwa kati ya saa tano na nusu usiku na saa saba, ikiwa imelala mezani kwa ubavu karibu na kitanda. Mara mbili ilikuwa mchana, mwishoni mwa wiki, baada ya asubuhi ndefu ya kukaa kitini. Mshale wa sekunde ulisimama mahali tofauti kila mara.

Niliporudi, mzee aliusoma ukurasa ule kama daktari anavyosoma cheti cha maabara, na maelezo aliyonipa ndiyo sababu kubwa ya kuandika tathmini hii. Alianza kwa kuondoa yasiyowezekana. Kama jino la gurudumu linalobeba mshale wa sekunde lingekuwa limevunjika au limeshika uchafu, mshale ungenasa mahali palepale kila mara, kwa kuwa gurudumu hilo hukamilisha mzunguko mmoja kila dakika. Kama mishale ingekuwa inagusana, saa ingesimama pale inapopishana, ilhali saa tano na nusu mshale mfupi na mrefu huwa pande zinazopingana. Kamani nayo haikukatika, kwa sababu iliyokatika isingeweza kuiendesha saa tangu asubuhi hadi usiku. Kisha akatoa dira ndogo kutoka kwenye droo, akaisogeza saa taratibu karibu nayo. Sindano ya dira ilitulia. Saa iliyoshika sumaku, alisema, huichezesha sindano, na sumaku ndiyo jambo la kwanza la kushukiwa saa inapokimbia mbele kwa dakika nyingi. Kwa kuwa haikuwa sumaku, alishuku kwamba mafuta ya fundi wa kwanza yalikuwa yamefika kwenye ile kamani ndogo nyembamba kama unywele inayolichezesha gurudumu la mizani, lile linalopima mwendo wa saa. Mikunjo yake ikigandana kwa mafuta, sehemu inayofanya kazi hufupika, na saa hukimbia.

Yaliyobaki yalihusu usiku. Saa yenye tarehe na siku huanza kuyasukuma maandishi hayo saa kadhaa kabla ya saa sita usiku, na msukumo huo hula nguvu ya kamani. Saa iliyo safi na iliyojaa haionyeshi dalili yoyote kazi hiyo inapofanyika. Saa ambayo mafuta yake ya zamani yamegeuka gundi, na ambayo mwenyewe ameshinda kitini tangu asubuhi, hufika saa tano usiku ikiwa imebakiwa na nguvu kidogo, na hapo mzigo wa tarehe unaimaliza. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia kwamba mimi ni mhasibu alicheka, akasema baba yangu bila shaka alikuwa mtu wa kutembea. Alikuwa karani wa ghala bandarini, na kwa siku alitembea kuliko mimi ninavyotembea kwa wiki.

Utambuzi huo wote ulifanyika saa ikiwa bado imefungwa. Nimeshapeleka gari, friji na simu kwa mafundi wengi wa jiji hili, na naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja waliouliza maswali zaidi ya mawili kabla ya kushika bisibisi.

Alipoifungua hatimaye aliniruhusu nitazame kupitia kioo chake cha kukuzia. Mikunjo miwili ya kamani ndogo ilikuwa imeshikana kama alivyosema, na mafuta mapya yalikuwa yametapakaa juu ya mafuta ya zamani, yakikusanya vumbi. Aliivunja mashine hadi kipande cha mwisho ili aioshe yote. Kila kipande alichokitoa alikiweka kwenye kisahani na kukifunika kwa bilauri iliyopinduliwa, kwa sababu baraza lile liko wazi na vumbi la Kariakoo halimsubiri mtu. Kuhusu mafuta alisema jambo ambalo sijalisahau, kwamba meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kamwe. Mafuta huwekwa kwenye vito, pale ncha za mihimili zinapozungukia, kwa ncha ya sindano, na tone likionekana wazi kwa macho matupu basi limeshazidi.

Sasa nije kwenye kasoro, kwa kuwa zipo. Aliniambia nirudi Jumamosi. Saa ilikuwa tayari siku kumi na moja baadaye, na katika muda huo nilifunga safari mbili za bure, kwani hapokei simu akiwa kazini na hufunga mapema siku ya Ijumaa. Hatoi risiti. Malipo yangu, shilingi 70,000, yaliandikwa kwenye daftari la kaunta ambalo mimi sikupewa nakala yake, na anayehitaji stakabadhi za ofisini asipoteze muda wake hapo. Mpira wa kuzuia maji alioweka nyuma ni wa jumla, na mwenyewe alikubali kwamba hana chombo cha kupimia kama maji yanaingia. Akaniagiza niivue kabla ya kutawadha na nisiikaribishe baharini. Ushauri huo ni wa haki kwa saa ya umri huu, lakini mteja angependa kuusikia kabla ya kulipa. Kioo kilichokwaruzika alikiacha kama kilivyokuwa. Sikumwagiza akibadilishe, wala hakuniuliza.

Shilingi 70,000 si kidogo kwa saa ambayo watu wengine wangeitupa na kununua ya betri kwa nusu ya fedha hizo. Kwa kazi ya kuvunja mashine nzima, kuiosha, kuinyosha kamani ndogo na kuirudishia kila kitu, mimi naiona ni bei ya chini, na ningekuwa nimeokoa zile 25,000 za kwanza kama ningeanzia kwake.

Tangu nilipoichukua ni wiki saba. Nimeipima kwa programu ya simu inayosikiliza mlio wa saa. Mashine hii inapaswa kupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde, na mlio ambao awali ulikuwa ukiyumba sasa ni wa mfululizo ulionyooka. Mkononi inazidi kwa takriban sekunde 12 kwa siku. Kwa kulinganisha, Seiko wenyewe waliiruhusu mashine ya 7S26, iliyokuja miaka ya 1990, ichelewe hadi sekunde 20 au izidi hadi sekunde 40 kwa siku, kwa hiyo sina la kulalamikia. Nikiivua Ijumaa usiku ikiwa imejaa, hunifikisha Jumapili asubuhi.

Imesimama mara moja tu katika wiki hizo saba, nilipokuwa kitandani siku tatu kwa malaria. Nilifuata maagizo ya mzee: nikaiyumbisha kushoto na kulia kwa nusu dakika hadi mshale wa sekunde ukaondoka, nikapanga saa kwa kuisogeza mishale mbele hadi tarehe ikajibadilisha yenyewe, kwa kuwa alinikataza kuirukisha tarehe kwa kidude kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati meno ya tarehe yanapokuwa yameshikana. Kisha nikaivaa, nikatembea hadi dukani kununua mkate.